India ya ova hamsini: nani wa kuiangusha 2027, na kwa silaha gani?

Mashoto wa Ganjoni

Asalaam aleikum wana kriketi wa Mombasa na kwengineko.

Nina swali, na nitalieleza kwa urefu, maana jibu la "India hawashikiki" nimelisikia mpaka limenichosha: Jumapili pale uwanjani Mnazi Mmoja Road, na jioni kila tukikaa kwenye viazi karai. Sikatai hesabu yao. Ukichukua Kombe la Dunia la 2023 na Kombe la Mabingwa la 2025, India wamecheza mechi 16 na wameshinda 15. Iliyowaponyoka ni moja, fainali ya 2023 na Australia, pale Ahmedabad.

Kombe lijalo ni 2027, Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia. Je, iko timu ya kuwaangusha? Na kama iko, itawaangushaje? Jina la timu peke yake halinitoshi. Nataka mniambie nani atarusha ova za kati (ova moja ni mipira sita), kuanzia ya 11 hadi ya 40, na atarusha mpira wa namna gani.

Nashikilia ova za kati kwa sababu ndiko kazi yangu iliko. Mimi ni spina, yaani mrushaji wa kuzungusha mpira, wa mkono wa kushoto, mpira wangu ni wa taratibu, na miaka yote hii nahodha hunipa mpira wakati watazamaji wanainuka kwenda kutafuta chai. Ova kumi za mwanzo zina raha yake, walinzi wawili tu ndio wanaoruhusiwa kukaa nje ya duara na mpira unapita kila upande. Kumi za mwisho kila mtu anasubiri sita, mpira uvuke kamba ya mpaka bila kugusa chini. Zile thelathini za katikati watu huziona za kupitisha wakati. Mimi nasema timu kubwa hufia humo.

Tazameni Colombo, Agosti 2024. Sri Lanka haikuwa na jina la kumtisha mtu. Mechi ya kwanza wakatoka sare, 230 kwa 230. Ya pili India wakahitaji 241, Rohit Sharma akaanza kwa moto, kisha akaja Jeffrey Vandersay na mpira wake wa kuzungushwa kwa kifundo cha mkono. Wiketi 6 kwa mikimbio 33, yaani aliwatoa wapigaji sita kwa kufungwa mikimbio 33 tu, India wote nje kwa 208. Ya tatu ikawa mbaya zaidi: 138, na kijana Dunith Wellalage, mashoto kama mimi, akachukua 5 kwa 27. Sri Lanka haikuwa imeshinda mfululizo wa ova hamsini dhidi ya India tangu 1997.

Na Ahmedabad yenyewe? Watu wanakumbuka mikimbio 137 ya Travis Head wa Australia. Mimi nakumbuka jinsi India walivyokaa zaidi ya ova 15 bila mpira hata mmoja kufika kwenye kamba. KL Rahul alitumia mipira 107 kupata 66. Pat Cummins, nahodha wa Australia, alikuwa ameshinda kura ya sarafu na akachagua kurusha kwanza, watu wakamshangaa. Akabadilisha warushaji wake kila mara, akawaondolea India mwendo wa mpira, wakakwama kwa 240. Head alimalizia kazi ambayo warushaji walishaifanya.

Haya, nani atafanya hivyo 2027?

Kijana wa Tudor

Heshima kwako kaka, lakini umechagua mifano inayokufaa wewe. Colombo Jasprit Bumrah, mrushaji wao wa kasi, hakuwapo, pichi ilikuwa ya vumbi, na hakukuwa na kombe mezani. Ukitaka kuipima India, ipime palipo na kombe. Kombe la Mabingwa, Dubai 2025, pia Bumrah hakuwapo, alikuwa na mgongo, na bado hawakushindwa mechi hata moja. Timu inayomkosa mrushaji bora duniani na bado inabeba kombe, utaiangusha kwa nini?

Tena hiyo silaha yako ya taratibu wanayo wao. Dubai walicheza na spina wanne pamoja: Varun Chakravarthy, Kuldeep Yadav, Axar Patel na Ravindra Jadeja. New Zealand walikwama kwenye fainali kwa 251, na waliokwamishwa walikwamishwa katikati, pale pale unapopapenda. Kwa hiyo hoja yako inaitetea India, haiwaangushi.

Na 2027 hakuna Colombo. Kuna Wanderers na Centurion, viwanja vya Afrika Kusini, mpira unaruka hadi kifuani. Huko spina ni mtu wa kupumzisha warushaji wa kasi. Virat Kohli, mpigaji wao, alimaliza Kombe la 2023 na mikimbio 765, hakuna aliyewahi kufikisha idadi hiyo katika Kombe moja la Dunia. Nionyesheni timu yenye mtu wa kiasi hicho, ndipo tuzungumze.

Mzee wa Mji wa Kale

Wanangu, mmenikumbusha mbali. 1983 nilikuwa bado mwanafunzi, na ilivyokuwa India leo ndivyo West Indies ilivyokuwa wakati ule. Kombe la 1975 lao, la 1979 lao. Fainali Lord's, London, India wote nje kwa 183, na wakati ule ilikuwa ova 60 kwa kila upande. Huku kwetu wenye redio walikuwa wameanza kuzizima.

Kisha Viv Richards akaingia na kuupiga mpira atakavyo. 33 kwa mipira 28. Madan Lal akampa mpira, Richards akauinua, Kapil Dev akakimbia akiwa ameupa mgongo uwanja, akaudaka. Kuanzia hapo, West Indies wakaisha kwa 140. Waliowamaliza hawakuwa watu wa kasi. Mohinder Amarnath alikuja na hatua chache, mpira wake wa polepole kabisa, wiketi 3 kwa mikimbio 12. Wapigaji waliozoea kuwatazama Holding na Marshall, warushaji wa kasi wa upande wao wenyewe, walishindwa kuungoja mpira ufike.

Kwa hiyo Mashoto, mwanangu, nakuunga mkono. Lakini umesahau kitu kimoja. India walikuwa wamewafunga West Indies mara mbili kabla ya siku ile, mwaka ule ule wa 1983: Berbice mwezi Machi, na Old Trafford mechi ya kwanza ya Kombe lenyewe. Walipofika Lord's walishajua kwamba watu hawa wanatoka damu. Mimi natazama nani ameshawafunga India karibuni. Australia wamewafunga huko Australia, mbili kwa moja, Oktoba 2025. Basi Australia.

Kijana wa Tudor

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote, hiyo kanuni yako ilivunjika 2007. Australia ya enzi za Ricky Ponting ilikwenda New Zealand wiki chache kabla ya Kombe la Dunia ikachapwa tatu kwa bila. Hamilton waliweka 346, Matthew Hayden peke yake 181 bila kutoka, na bado New Zealand wakazifikia, Craig McMillan akiwa na 117. Kabla ya hapo England walikuwa wamewanyang'anya kombe lao la nyumbani. Dunia nzima ikasema wamekwisha. Wakaenda West Indies, wakashinda mechi zote, wakarudi na Kombe. Mechi tatu za mwezi Februari hazina maana ikifika siku ya Kombe.

Mashoto wa Ganjoni

Kijana wa Tudor, 2007 umeitaja vizuri, na ndiyo maana nilitaja mechi ya tatu ya Colombo na fainali ya Ahmedabad kwa pamoja. New Zealand walishinda Hamilton kwa kupiga kuliko wao, siku ambayo kila mpira uliingia kati ya rungu. Ushindi wa namna hiyo hauendi nawe popote. Hata 438 za Afrika Kusini pale Johannesburg mwaka 2006, Herschelle Gibbs na 175 zake, zilikuwa hivyo hivyo. Mechi ya ajabu, nimeitazama tena na tena, lakini mwaka uliofuata kwenye nusu fainali ya Kombe Afrika Kusini walitolewa na Australia ile ile kwa urahisi. Timu inayotawala ukiishinda kwa rungu, kesho itakuja na rungu kubwa zaidi. Ukiishinda kwa kuinyima mwendo, italazimika kujifunza mchezo upya, na hilo halifanyiki ndani ya wiki sita za mashindano.

Sasa la Wanderers na Centurion. Hapa ndipo nataka unisikilize, maana ni habari ya mtu wa mji huu.

Tarehe 15 Machi 2003, Durban, uwanja wa Kingsmead. Kenya kwa Australia. Australia ile haikuwa inafungika: ilimaliza Kombe lile bila kupoteza mechi. Brett Lee alituanza kwa wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, tukasota hadi 174. Adam Gilchrist akaingia akapiga kama mwenye basi la kuwahi, na kila mtu akajua mechi itaisha mapema. Kisha akaitwa Aasif Karim. Mzaliwa wa Mombasa, umri miaka 39, mtu aliyekuwa ameshastaafu baada ya Kombe la 1999 akaombwa kurudi. Spina wa mkono wa kushoto. Alimtoa Ponting kwa mguu mbele ya wiketi. Akamtoa Darren Lehmann. Akamtoa Brad Hogg kwa kuudaka mpira mwenyewe. Ova 8 na mipira 2, sita kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja, mikimbio 7 jumla, wiketi 3. Australia walishinda kwa wiketi tano, na mchezaji bora wa siku akawa yeye.

Nimeitazama kanda ile nikisimamisha kila mpira. Hakuna mpira uliogeuka sana. Alichofanya ni kuurusha juu kidogo, kisha unaofuata kuupunguza mwendo kwa kiasi ambacho jicho halikioni, na kuulenga pale pale. Wapigaji wa Australia walikuwa wamezoea kuutumia mwendo wa mrushaji. Karim hakuwapa mwendo wa kuutumia. Na hiyo ni Afrika Kusini, Kijana, si Colombo. Kingsmead iko kwenye orodha ya viwanja vya 2027.

Laiti tungekuwa na mikimbio 220 siku ile! Hilo nitalisema mpaka nife.

Na lile la India kuwa na spina wao: ndiyo, wanao, na ni wazuri kuliko wote. Lakini mrushaji wako hakusaidii unapokuwa umeshika rungu. Wapigaji wa India wanalelewa siku hizi kwenye pichi za ligi yao ya ova ishirini, mpira unakuja moja kwa moja hadi kwenye rungu. Colombo walionyesha wazi wanavyopata taabu mpira unapokawia.

Mwandika Skoo

Kaka Mashoto, mimi ndiye yule dada ninayeshika daftari la skoo mechi za Jumapili, kwa hiyo ova zako za kati nimeziandika nyingi. Najua thamani yake. Lakini nyote mmezungumza kama kwamba kriketi ni ya wanaume tu, na mfano mkubwa kuliko yote umetokea kwa kina dada.

Australia ya wanawake ndiyo timu iliyotawala ova hamsini kuliko yoyote, wa kiume au wa kike. Kati ya 2018 na 2021 walishinda mechi 26 mfululizo. Hao wanaume wa Ponting waliishia 21. Na nani aliyeukata mfululizo ule? India, pale Mackay, Septemba 2021. Kisha nusu fainali ya Kombe la Dunia, Navi Mumbai, tarehe 30 Oktoba 2025: Australia wakaweka 338. Phoebe Litchfield 119. Hakuna timu ya wanawake iliyokuwa imewahi kufukuza idadi kama hiyo ikaipata. India wakafika 341 kwa wiketi tano, Jemimah Rodrigues 127 bila kutoka, Harmanpreet Kaur 89. Siku tatu baadaye wakawafunga Afrika Kusini wakabeba Kombe.

Hapo hakuna polepole yoyote, kaka. Hapo walipigana rungu kwa rungu na wakashinda. Nilipoona Jemimah analia pale katikati ya uwanja na mimi nililia, wallahi. Harmanpreet huyo huyo alikuwa ameshawapiga Australia 171 bila kutoka kwenye nusu fainali ya 2017 pale Derby. Kwa hiyo mimi naona Mzee wa Mji wa Kale kasema kweli: anayeangusha jitu ni yule aliyewahi kuligusa.

Mzee wa Mji wa Kale

Ahsante binti yangu. Allah akuhifadhi.

Mashoto wa Ganjoni

Dada yangu, mechi ile niliitazama mpaka mwisho na sina neno la kuipunguzia. Ninakubali kuwa njia ile ipo. Lakini wewe unayeshika daftari, fungua tena uone mikimbio ya moja moja na mbili mbili. Rodrigues hakupiga sita hata moja siku ile, zote 127 ni za kukimbia na za kupenyeza mpira kwenye mianya. Alicheza ova za kati kwa akili kuliko Australia walivyozirusha. Kwangu mimi bado tunazungumzia ova zile zile, safari hii kwa upande wa mshika rungu.

Kuna jambo jengine ambalo hakuna aliyeligusa, nalo ni sheria mpya ya mpira. Tangu 2011 mechi hizi zilikuwa zinachezwa na mipira miwili mipya, mmoja kila upande, kwa hiyo hata ova ya 50 mpira ulikuwa umetumika ova 25 tu, bado mgumu, bado unaruka vizuri kwenye rungu. Kuanzia Julai 2025 mipira miwili inatumika hadi ova ya 34, kisha nahodha anayelinda anachagua mmoja wa kumalizia. Pigeni hesabu: mpira huo utakuwa umetumika ova 17 pale unapochaguliwa, na 33 mechi ikiisha. Mpira wa ova 30 umelainika, haufiki kamba kirahisi, unashikika vizuri vidoleni, na mtu wa kasi anayejua kuutunza upande mmoja anaweza kuugeuza hewani. Hili linawapa warushaji wa taratibu kazi hata baada ya ova ya 40. Kombe la 2027 ndilo la kwanza la wanaume litakalochezwa hivyo. Nahodha atakayejua kuuchagua mpira atapata faida kubwa kuliko mwenye wapigaji watano wa kupiga sita.

Mliniuliza timu. Nasema Afrika Kusini. Keshav Maharaj ni mzaliwa wa Durban, spina wa mkono wa kushoto, anaijua Kingsmead kuliko kiganja chake. Juni 2025 pale Lord's timu yao ilibeba ubingwa wa mechi za siku tano mbele ya Australia, kwa hiyo lile woga la fainali wamelivua. Watakuwa nyumbani. Na Kagiso Rabada atakuwa upande wa pili na mpira wa ova 30 mkononi.

Kijana wa Tudor

Afrika Kusini? Kaka! Hao walitolewa Kombe la 2003, tena pale pale Kingsmead, kwa kusoma vibaya karatasi ya mikimbio inayotakiwa mvua ikikatiza mechi. Mark Boucher aliuzuia mpira wa mwisho akidhani wamefika, kumbe ni sare, na sare haikutosha. 1999 pia sare na Australia, wakatoka. Wewe uliyetuletea takwimu zote hizi unaishia kwa Afrika Kusini?

Mwandika Skoo

Boucher alifuata karatasi aliyopewa. Aliyeandika karatasi ndiye wa kuulizwa. Nalisema kama mtu wa daftari.

Mashoto wa Ganjoni

Ndiyo, naishia hapo hapo. Wachezaji wa 2003 hawatakuwapo 2027. Pichi itakuwapo, na upepo wa bahari wa Durban utakuwapo, ambao mtu aliyekulia pwani anajua unavyousaidia mpira uliorushwa juu.

Kinachoniuma ni kwamba sisi hatutakuwapo katika hesabu hizi. Tulikuwa watu wa kuangusha majitu. Pune, 29 Februari 1996: Kenya 166, West Indies ya Lara na Richie Richardson nje kwa 93, Maurice Odumbe wiketi 3 kwa 15, na yeye pia ni spina. Gwalior 1998 tukaifunga India kwao. Nairobi 2003 Collins Obuya akawamaliza Sri Lanka kwa wiketi 5, mpira wa kifundo cha mkono, na tukafika nusu fainali. Yote yale tuliyapata kwa mpira wa taratibu katika ova za kati! Mwishoni mwa 2006 Bermuda walikuja kucheza mechi za kimataifa hapa hapa uwanjani kwetu, na tuliona ni jambo la kawaida. 2014 hadhi ya kimataifa ya ova hamsini ikatutoka. Vijana ninaowafundisha Jumamosi wanamjua Bumrah kwa hatua zake za kukimbia, Karim hawamjui, na yeye ni wa mji wao. Nimeanza kuwaonyesha kanda ya Durban kabla ya kuwapa mpira. Wawili kati yao ni mashoto.

Kijana wa Tudor, bado hujajibu swali langu la kwanza. Umesema India hawaangushiki. Sawa. Basi niambie, mpira una ova 16, Maharaj anarusha kutoka upande wa bahari, mlinzi yuko kwenye kamba upande wa mguu, India wana 150 kwa wiketi tatu katika ova ya 33. Nani kati yao atampiga, na atampigia wapi?

Kijana wa Tudor

Rishabh Pant. Atapiga magoti afagie kinyume, juu ya mlinzi wa nyuma.

Mashoto wa Ganjoni

Haya, sasa tunazungumza. Jumapili njoo uwanjani, ushike rungu, mimi nitaweka mlinzi pale pale nyuma. Dada, leta daftari.